Kuuza nyumba Garsen: Usiifiche alama ya maji!

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga, na sisi ni nani hata tuwapinge? Hata hivyo, ndugu msomaji, kuna mali ambayo hata ikiwa nzuri kama lulu haijiuzi yenyewe. Mali hiyo ni nyumba, na hasa nyumba iliyo karibu na Mto Tana.

Huenda wewe ni mmoja wa wale waliozaliwa Garsen, Ngao, Minjila au Hola, wakasomea huko, kisha kazi ikawapeleka Mombasa au Nairobi. Nyumbani wazee waliacha nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la mabati na mwembe uani. Siku hizi hakuna anayelala humo ila popo. Kila msimu wa mvua unapigiwa simu kuambiwa kwamba ukuta umelowa au choo kimetitia. Hatimaye familia imekaa kitako na kukata shauri: nyumba iuzwe, pesa zilipe karo ya watoto na matibabu ya mama.

Basi fundi anaitwa. Na neno la kwanza atakalokuambia, akiwa ameshika burashi mkononi, ni hili: "Mzee, tupige rangi mikono miwili tu, hii alama ya maji ukutani isionekane."

Simama hapo hapo! Ukikubali shauri hilo utakuwa umeanza kazi kwa mguu mbaya. Makala haya yanakueleza jinsi ya kuiandaa nyumba ya Garsen ili imvutie mnunuzi, ipate bei ya haki, na isikurudie baadaye kwa njia ya kesi au ugomvi. Utaona kwamba rangi inakuja mwisho, si mwanzo.

Nyumba kama jukwaa

Ufundi wa kuipamba nyumba kwa ajili ya kuiuza si jambo geni ulimwenguni. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, mwanamke mmoja aitwaye Barb Schwarz aliufanya kuwa kazi kamili tangu miaka ya 1970. Aliwaambia wenye nyumba waitazame kama jukwaa la maigizo: ondoa takataka, panga viti, fungua mapazia, mwache mgeni ajione akiishi humo. Tangu wakati huo mtindo huo umeenea katika nchi nyingi, na hata katika mitaa ya kifahari ya Nairobi utawakuta watu wanaokodisha makochi na mazulia kwa wiki chache ili nyumba ipate mnunuzi.

Mengi katika mafunzo hayo yanafaa hata Garsen. Usafi ni usafi popote. Lakini mnunuzi wa Garsen haji na maswali ya mnunuzi wa Kileleshwa. Yeye mara nyingi ni mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara au mtumishi wa kaunti. Anajua jua la huko na anaujua mto. Kabla hajatazama pazia lako atakuuliza mambo matatu: Nyumba hii ni ya nani? Maji yalifika wapi? Na majirani wanasemaje? Mwenye majibu matatu yaliyo wazi ndiye aliyeiandaa nyumba yake. Asiye nayo, hata akipaka rangi ya dhahabu, anajisumbua bure.

Karatasi kabla ya rangi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuanze na karatasi basi.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Tana River si ya mtu binafsi. Ni ardhi ya jamii, na inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Ikiwa jamii bado haijasajiliwa, serikali ya kaunti ndiyo inayoishika ardhi hiyo kwa amana, na hairuhusiwi kuiuza. Ikiwa jamii imesajiliwa, ardhi haiwezi kuuzwa mpaka angalau thuluthi mbili za wanachama wazima waliosajiliwa wakubali. Kwa hivyo mtu anayekuonyesha uwanja mtupu kando ya kijiji na kukuambia "hapa ni pangu, nipe pesa" anacheza na moto, na wewe ukinunua unaushika moto huo kwa mkono.

Mjini Garsen kwenyewe, wengi wana barua za kugawiwa ploti, nyingine zilizotolewa zamani na baraza la wilaya kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013. Barua hiyo ni kitu, lakini si hatimiliki. Mnamo Septemba 2023, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema wazi kwamba barua ya kugawiwa ardhi ni ahadi tu. Haimpi mtu umiliki mpaka masharti yake yatimizwe na ardhi isajiliwe. Miezi mitano kabla ya hapo, Aprili 2023, mahakama hiyo hiyo ilitoa uamuzi kuhusu kiwanja cha Nyali, Mombasa, kilichokuwa kimenunuliwa na kampuni ya Dina Management. Ilisema kwamba hata cheti chenyewe hakitamkinga mnunuzi ikiwa ardhi hiyo tangu mwanzo ilitolewa bila kufuata sheria.

Maana yake ni nini kwako wewe muuzaji? Maana yake ni kwamba wakili wa mnunuzi siku hizi hatatazama cheti na kuridhika. Atauliza ulikipata vipi, na aliyekupa alikipata vipi. Tayarisha hadithi hiyo kwa karatasi. Kusanya barua ya kugawiwa, risiti za kodi ya ploti, ramani ya mpimaji, mkataba ambao babako alinunulia, na nakala za vitambulisho. Nenda kwenye afisi ya ardhi ukafanye upekuzi rasmi wa kiwanja chako mwenyewe kabla mtu mwingine hajaufanya. Ukikuta kasoro, irekebishe sasa wakati huna haraka. Weka kila kitu katika faili moja, na nakala nyingine kwa wakili.

Na ikiwa unachouza ni jengo tu wala si ardhi, liseme hilo tangu siku ya kwanza. Watu wa Pwani wanaifahamu desturi ya nyumba bila ardhi. Imekuwepo Mombasa kwa miaka mingi. Si haramu kuuza kuta na mabati. Kosa ni kuuza kuta na kumwacha mnunuzi aamini kwamba amenunua na udongo.

Baba akiwa ameaga dunia

Wengi wanaokwama hukwama hapa. Nyumba ni ya marehemu baba, kifungua mimba ana funguo, basi anadhani ana haki ya kuuza. La hasha! Chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya, mali ya marehemu haiguswi na mtu yeyote mpaka mahakama imteue msimamizi, na kuigusa bila idhini ni kosa la jinai. Hata msimamizi akishateuliwa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla hati yake kuthibitishwa na mali kugawanywa. Habari njema ni kwamba watu wa Garsen hawalazimiki tena kusafiri hadi Malindi au Mombasa kwa kila jambo, kwani Mahakama Kuu ina kituo mjini Garsen. Familia za Kiislamu nazo zinaweza kupeleka suala la mirathi mbele ya Kadhi.

Kama baba yu hai na nyumba ni ya ndoa, mama ana sauti. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili. Ridhaa hiyo iandikwe na kutiwa sahihi. Usimwachie mama mzigo wa kusikia sokoni kwamba paa lililo juu ya kichwa chake lina mwenyewe mwingine.

Ushauri wetu kwa familia zilizo mjini ni huu: fanyeni kikao kimoja, ndugu wote, mabinti wakiwemo. Andikeni mlilokubaliana, kila mmoja atie sahihi, na mchague mtu mmoja wa kuzungumza na wanunuzi. Hakuna kinachomfukuza mnunuzi haraka kama kupigiwa simu na ndugu wawili wanaotaja bei mbili.

Maji yalifika wapi?

Sasa tuingie katika lile lililotufanya tumkataze fundi asichovye burashi yake.

Tana ndio mto mrefu zaidi nchini Kenya, takriban kilomita elfu moja kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari Hindi kule Kipini. Kwa sababu hiyo mto unaweza kufurika Garsen hata kama Garsen hakujanyesha tone. Mvua hunyesha kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere hujaa na kumwagika, na baada ya siku kadhaa maji hugonga mlango wa mtu wa delta aliyekuwa amelala chini ya mbalamwezi. Ilitokea hivyo wakati wa El Nino ya mwaka 1997 na 1998. Ikatokea tena 2018, na kwa mara nyingine Novemba 2023 na masika ya 2024, barabara ya kwenda Lamu ilipokatika pale Gamba na Lango la Simba.

Isitoshe, mto wenyewe huhama. Mwaka 1989 Tana uliacha mkondo wake karibu na Hola, na mradi wa unyunyizaji wa Hola ukakauka kwa kukosa maji.

Mambo haya kila mtu wa Tana River anayajua. Kwa hivyo ukipaka rangi juu ya alama ya maji humdanganyi mnunuzi mwenyeji. Unamfundisha tu kwamba wewe ni mtu wa kuficha, naye ataanza kushuku hata yale uliyosema kweli. Atakayedanganyika ni mgeni kutoka mbali: mwalimu kijana aliyehamishwa kutoka Kitui au Kisii, aliyechukua mkopo wa chama cha akiba. Huyo ataingia na mkewe na mtoto mchanga wakati wa kiangazi, na masika ijayo wataamka usiku wakiwa wamelala majini. Je, utakuwa umeuza nyumba au umeuza msiba? Kisheria pia, mnunuzi aliyeshawishiwa kwa uongo ana haki ya kwenda kortini kuomba mkataba uvunjwe na alipwe fidia. Njia ya mwongo ni fupi.

Badala ya kuficha, fanya hivi. Chukua utepe wa kupimia, upime kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Waulize majirani na wazee, kisha andika katika karatasi moja: mwaka, maji yalifika kimo gani, yalikaa siku ngapi, barabara ilifungwa kwa muda gani, na familia ilihamia wapi. Fanya hivyo kwa kila mafuriko mnayoyakumbuka. Kama maji ya 2023 yaliishia kwenye ngazi ya pili na hayakuingia ndani, umepata tangazo ambalo hakuna rangi inayoweza kulishinda. Chora mstari mwembamba kwenye ukuta wa nje na uandike mwaka. Mnunuzi mwenye busara atasimama mbele ya mstari huo na kukuheshimu.

Na kama maji yaliingia ndani? Sema hivyo, kisha uonyeshe umefanya nini. Labda umeinua sakafu kwa kujaza kifusi na kumwaga zege. Labda soketi za umeme zimepandishwa kutoka karibu na sakafu hadi usawa wa kifua. Labda umejenga uchaga imara chini ya paa wa kuwekea magunia na magodoro, na choo kimejengwa juu ya tuta. Matengenezo haya huongeza bei kuliko kochi jipya, kwa kuwa mnunuzi huona kwamba nyumba imejifunza kuishi na mto.

Uwanja una wenyewe wengi

Toka nje sasa, utazame kiwanja kwa jicho la mgeni.

Mwembe ule ni wa nani? Katika Pwani yetu ni jambo la kawaida mti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwingine. Huenda shangazi yako amekuwa akichuma maembe ya mti huo kwa miaka thelathini na anaamini kwa dhati kwamba ni wake. Mazungumzo na shangazi yafanyike kabla mnunuzi hajaja, tena kwa adabu, ukienda kwake na si kumwita.

Je, kuna makaburi? Yaonyeshe. Kubalianeni kwa maandishi kama familia itaendelea kuyazuru, na njia ya kupitia ni ipi. Kaburi lililogunduliwa baada ya malipo huleta uchungu usio na dawa.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Je, kiwanja kiko karibu na njia ya mifugo kwenda mtoni, ile ambayo Waorma huiita malka? Wapokomo ni wakulima wa kingo za mto na Waorma na Wawardei ni wafugaji. Kwa vizazi vingi wameishi kwa kupishana kwenye njia hizo. Njia zilipozibwa na mashamba au ua, damu imemwagika. Mnamo Agosti 2012 zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, na kufikia mwanzoni mwa 2013 waliouawa katika eneo la delta walikuwa wamepita 100. Ardhi, maji na malisho vilikuwa katika kiini cha uhasama huo, siasa ikauchochea. Tangu 2015 kuna mpango wa matumizi ya ardhi wa delta unaotambua mahali pa kilimo, pa mifugo na pa hifadhi. Sehemu ya delta pia imetambuliwa tangu 2012 kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar.

Kwa hivyo usiuze ukingo wa mto kana kwamba unauza kona ya mtaa wa Buruburu. Mwite chifu, waite wazee. Wapokomo wana baraza lao la Gasa na Waorma wana Matadeda. Tembeeni mipaka pamoja na majirani wa pande zote, mkaoneshane mawe ya mpaka, na mpige picha. Siku mnunuzi atakapokuja, asikie neno moja kutoka kwa kila jirani. Hiyo ndiyo ithibati kubwa kuliko zote.

Mwisho kabisa, kata mathenge. Mti huo wenye miiba ulioletwa kuzuia jangwa umegeuka kuwa adui. Hufunga njia na kuficha nyoka. Kiwanja kilichosafishwa mathenge huonekana kikubwa maradufu. Ila ng'oa na visiki, maana ukikata juu tu huchipuka tena.

Usipoziba ufa

Sasa ndipo fundi anaporudi. Mpe kazi kwa utaratibu huu.

Nyufa: Udongo mweusi wa delta huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nao huvuta msingi. Mwite fundi mwashi aliye mwaminifu akuambie kama ufa ni wa lipu tu au umefika kwenye msingi. Ufa wa lipu zibwa. Ufa wa msingi rekebishwa au ushuke bei, lakini usifunikwe.

Unyevu: Usipake rangi ukuta ambao haujakauka. Rangi juu ya unyevu huvimba na kubambuka kabla ya mwezi kwisha. Kuna jaribio rahisi ambalo hata mwanafunzi anaweza kulifanya. Bandika kipande cha karatasi ya nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Ukikuta matone ya maji upande wa ndani, ukuta bado umelowa, subiri. Ule unga mweupe wa chumvi uondoe kwa burashi kavu, usiuoshe kwa maji.

Paa: Badilisha mabati yaliyotoboka na makuti yaliyooza. Funga gata ili maji ya mvua yaingie kwenye tangi. Katika mji wenye joto kama Garsen, tangi lililojaa maji ni pambo kuliko maua.

Popo na mchwa: Harufu ya popo humtoa mgeni mbio. Subiri jioni watoke, kisha ziba mianya yote ya dari kwa wavu, na usafishe ukiwa umefunika pua na mdomo. Mashimo ya mchwa yavunjwe na mbao zitiwe dawa.

Maji na choo: Kisima kilichoingiwa na mafuriko kisafishwe na kutiwa klorini, muulize afisa wa afya ya umma kipimo. Choo cha shimo kilichotitia kizibwe na kingine kichimbwe mahali palipoinuka, mbali na kisima. Wanawake wanaokuja kutazama nyumba huenda moja kwa moja chooni na jikoni, nao ndio waamuzi.

Rangi: Hatimaye! Chagua nyeupe au maziwa. Chokaa ni rahisi na hupoza nyumba. Rangi kali za kijani na zambarau ziachie maduka.

Siku ya mgeni kutazama

Usimlete mgeni saa saba mchana jua linapochoma mabati. Asubuhi kati ya saa mbili na saa nne, au jioni baada ya saa kumi, nyumba hupumua. Ijumaa mchana uiache kwa ajili ya swala na Jumapili asubuhi kwa ajili ya kanisa. Fungua madirisha yanayopokea upepo wa kusi au kaskazi, kutegemea msimu, ili mgeni auhisi mwenyewe bila kuambiwa. Weka wavu wa mbu kwenye madirisha, na kitanda kimoja kiwe na chandarua safi kilichofungwa vizuri.

Punguza vitu. Masanduku, baiskeli mbovu, magunia matupu, redio zisizosema na picha ishirini za harusi za familia vyote vihamishwe kwa jirani. Mkeka mmoja safi, meza, viti vinne na taa vinatosha. Mbuzi na kuku wafungwe upande ambao upepo hauelekei nyumbani. Masizi ya jikoni yasuguliwe. Bawaba zinazolia zitiwe mafuta. Kila taa iwake, na deni la umeme lilipwe.

Chai na mahamri? Naam, ni ada yetu. Lakini mpe mgeni nafasi ya kuzunguka bila wewe kumfuata nyuma kama kivuli. Akikuuliza, "Mama, hapa maji yalifika wapi?" usisite. Mpeleke kwenye mstari, mpe karatasi yako ya mafuriko, kisha mwambie akawaulize majirani.

Enyi wanafunzi mlio likizoni, msikae bure. Chora ramani ya boma, mpige picha nzuri kwa simu mchana wa mwanga laini, mwandike orodha ya vitu vinavyobaki na vinavyoondoka: tangi, sola, milango, kabati. Orodha hiyo itaokoa ugomvi mwingi.

Bei, pesa na sahihi

Bei usiipange kwa kusikia uvumi wa bandari ya Lamu. Ni kweli kwamba gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021 na barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu ikawekwa lami, na kwamba matajiri wamekuwa wakiulizia ardhi. Lakini bei ya haki huipata kwa mthamini aliyesajiliwa na kwa kuuliza nyumba za jirani ziliuzwaje. Kama unatumia dalali, hakikisha amesajiliwa kisheria kama wakala wa nyumba.

Makubaliano ya mdomo hayatoshi. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa ardhi uandikwe, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Kwa kawaida mnunuzi hutoa asilimia 10 mwanzoni, na ni salama pesa hizo zikae kwa wakili. Ikiwa ni ardhi ya kilimo nje ya mji, ombeni idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ndani ya miezi sita. Bila idhini hiyo mapatano huwa batili na pesa hurudishwa.

Kumbuka ushuru pia. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Muuzaji naye hulipa kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida yenyewe. Ila kuna misamaha, kwa mfano nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuuza, au ardhi ya mtu binafsi isiyozidi thamani ya shilingi milioni tatu. Muulize wakili au afisi ya KRA kabla ya kutaja bei, si baada ya kuzila pesa.

Ndugu msomaji, utaona sasa kwamba kati ya kazi zote tulizozitaja, burashi ilichukua nafasi ndogo mno. Faili lililo kamili, ndugu waliokubaliana, majirani walioshuhudia mpaka na mstari wa maji uliochorwa wazi ndivyo vinavyouza nyumba Garsen. Huenda ukweli ukapunguza bei kwa shilingi kadhaa siku ya kwanza. Lakini masika ijayo mto utakapopanda, na hakika utapanda, utataka kuwa mtu anayeweza kumpigia simu mnunuzi wake na kumuuliza, "Mwalimu, mko salama?" bila moyo kudunda.